Lala, Mama, Lakini Usilale

Kabla hamjamfunika mama wa watu kichwa kwa kofia ya plastiki, wanangu, msalimuni kwanza, muulizeni habari za watoto, kisha mhakikishe hana karanga mdomoni. Hayo hayamo katika kitabu cha mashine. Kitabu cha mashine kimeandikwa na watu wasiowajua akina mama wa Bunia.

Mimi ni Papa Lazare, mwenye kile kiti kinachoyumba pale chumbani kwenu. Msikitengeneze, ndicho kilichonizuia kusinzia kazini miaka yote ile. Siku hizi nimestaafu, nafuga bata, na bata hawahitaji kupimwa. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, nami nimekubali upesi kwa sababu mke wangu amekwisha kuyasikia yote na sasa ananisahihisha.

Kazi yenyewe ni hii. Mwili wa mtu haupumziki hata mwenyewe akipumzika. Moyo unapiga, mapafu yanavuta, ini linafanya mambo ya ini, na vyote hivyo vinakula. Chukueni mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, ambalo mpishi ameliacha uani bila sufuria. Halipiki kitu, lakini makala yanaendelea kuungua. Sisi tulitaka kujua makala ya mtu yanaungua kwa kasi gani akiwa hafanyi lolote. Tunamlaza mama asubuhi kabla hajala, tunamfunika kichwa kwa kofia pana ya plastiki inayopitisha mwanga, na bomba linapeleka pumzi yake kwenye mashine. Mashine inasoma hewa aliyotumia na hewa aliyotoa, kisha inasema. Wenye Kifaransa wana neno refu la jambo hilo. Akina mama waliliita makala, nasi tukawafuata.

Wengi tuliowapima walikuwa wanene, kwa sababu wao ndio waliotumwa kwetu, wenye tension, yaani presha, na magoti yanayolalamika. Kwetu mtu wa hivyo huitwa Mama Kilo, na humwiti hivyo kwa kumtukana. Lakini Mama Kilo akitaka kupunguza, huwezi kumpa sahani ya jirani yake. Kuna ambaye mwili wake unachoma sana hata akikaa, kuna ambaye unachoma kwa uchoyo. Ukikosea kipimo, unamtesa mtu kwa njaa ya bure au unamnenepesha kwa kibali cha hospitali.

Na kukosea ni rahisi. Mama mmoja wa mtaa wa Nyakasanza alikuja akisema amefunga tangu jana, akaapa kwa Bikira Maria. Mashine ikaanza kupanda kama mtu anayepanda mlima. Nikainua kofia, nikakuta nusu ya andazi imejificha shavuni.

"Mama, ulisema haujakula."

"Papa Lazare, hii haiko chakula. Hii ni ya kutuliza tumbo tu."

Mwingine aliogopa kuchelewa, akaja mbio kutoka soko kuu, akajitupa kitandani akitoa jasho. Huyo mashine ilimsoma kama mchezaji wa mpira. Tangu siku hiyo tuliwaagiza waje kwa pikipiki, na wakifika wakae kwanza mpaka waanze kuboreka, yaani kuchoshwa na kukaa bure. Mama akianza kuboreka, ndipo yuko tayari. Akiwa bado anawasimulia habari za wifi yake, mwili haujatulia, msimguse.

Aliyenifundisha kazi hii ni Brigitte, muuguzi kutoka Mahagi, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa sauti. Kuna asubuhi nilimwendea mbio. Nilikuwa na mama chini ya kofia, na kwa mujibu wa mashine mama huyo alikuwa amekwisha kufa zamani kidogo. Wakati huo huo mama mwenyewe alikuwa ananiuliza kama anaruhusiwa kunywa maji. Brigitte hakumtazama hata mgonjwa. Aliinama chini ya kitanda, akachomeka bomba lililochomoka.

"Mashine ikisema kitu, na mama akisema ingine," aliniambia, "weye anza kuangalia bomba."

Sijapata kusikia fundisho bora kuliko hilo. Nimelitumia hata kwa bata.

Sasa niwaambie kisa cha Daktari Prosper, kijana wetu aliyerudi kutoka masomoni na viatu vyenye ncha. Huko alikosoma alikuwa amewasikia watu wakibishana kama wanawake wanene wa asili mbalimbali huchoma sawa wakiwa wamepumzika, au kila damu na makala yake. Wengine walisema hivi, wengine vile. Akatuita tukakaa mezani, akasema Bunia tunao akina mama wa kila upande, kwa nini tusiangalie wenyewe? Tuanze na wa Mahagi na wa Djugu.

Mji wetu una adabu yake. Hatupendi kumuuliza mtu kabila waziwazi, tumekwisha kuona maswali ya namna hiyo yanavyoishia. Tunasema huyu wa Mahagi, huyu wa Djugu, huyu wa Irumu, na mwenye masikio anaelewa. Mimi nilizaliwa Niania, kule barabarani kwenye malori, kwa hiyo sikuwa wa upande wowote na kila mtu alinifanya mwamuzi. Nilisema sawa, tupime, ila tupime kwa upole.

Upole! Akina mama walilipokea jambo lile kama mechi. Kila upande ulitaka kushinda, ingawa hakuna aliyejua kushinda ni kuchoma sana au kuchoma kidogo. Walikuja wamesuka nywele. Kofia ilikataa kukaa sawa juu ya baadhi ya misuko, hewa ikawa inavuja, ikabidi Brigitte atangaze kwamba mashine haipimi uzuri.

Miongoni mwao walikuwa Jeannine na Dieudonnée. Jeannine ni wa Mahagi, wa kule kando ya ziwa, anayejua kukaanga samaki hata ukamsamehe kelele zake. Dieudonnée ni wa Djugu, mkulima aliyekimbia vita na kuacha kila kitu, sasa anakaa katika kambi ya waliohama makwao, pembeni ya mji. Wawili hao walikuwa na malewa, yaani mgahawa wa vibao vinne na bati nyuma ya soko kuu. Huyu anakaanga samaki, yule anasonga bugali. Wateja tukiondoka, walikaa wakala pamoja katika sahani moja, wakigombana tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho kuhusu chumvi. Sijui ndugu wa damu waliopendana kama wale. Siku ya kipimo walikuja juu ya pikipiki moja. Dereva aliyewafikisha alistahili medali, na pikipiki ilistahili misa ya wafu.

Tulikuwa tumekubaliana mezani namna ya kuwaongoza. Daktari alisema kwa Kifaransa kwamba mama anyooke kitandani, atulie, awe macho. Brigitte akasema atawachukua wa kwake kwa Kialur, kwa sababu wengi walipenda kuelezwa mambo ya mwili kwa lugha ya mama zao. Mimi niliwachukua wa Djugu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ni cha wote. Kila mmoja nilimwambia kwa heshima: "Mama, lala hapa, tulia." Akimaliza, nilimuuliza: "Mama, umelala muzuri?" Wote walinijibu muzuri sana, tena kwa furaha. Nikaona kazi inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kilichonisumbua ni pampu tu. Pampu ya mashine hukaa nyuma ya pazia pamoja na fundi, ndiye mimi, inavuma, na kofia nayo hufanya ukungu kwa pumzi, usimwone mtu vizuri usoni. Basi pampu ile siku za akina mama wa Djugu ilianza kukoroma. Niliipaka mafuta. Niliipaka tena. Siku za akina mama wa Mahagi haikukoroma hata kidogo, nikajisifu kwamba mafuta yamefanya kazi.

Matokeo yakatoka. Akina mama wa Djugu walikuwa wanachoma kidogo kuliko wa Mahagi, karibu wote, wanene kwa wanene na umri kwa umri. Daktari Prosper aliangalia mara nyingi, akawa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Hakuwa na nia mbaya, msimhukumu. Alifikiri amepata njia ya kuwasaidia. Akamwita mchoraji achore sahani mbili ukutani pale wanapongojea wagonjwa: moja ya akina mama wa Mahagi yenye bugali ya ngumi mbili, na moja ya akina mama wa Djugu yenye bugali ya ngumi moja na mboga ya lengalenga nyingi. Mchoraji alizichora kwa penseli, akasema atarudi na rangi wiki ijayo.

Penseli ilitosha. Habari zilifika sokoni kabla mchoraji hajafika kwake. Kufikia mchana malewa yote ilikuwa inajua kwamba makala ya Mahagi inawaka na makala ya Djugu iko na maji. Wateja wakaanza utani. Fundi wa redio aliingia akaagiza bugali ya Mahagi. Mwenzake mwembamba akasema yeye apewe ya Djugu kwa sababu mfuko wake umelowa. Watu wakacheka, na Dieudonnée akacheka pia, lakini cheko lake lilikuja nyuma ya yetu.

Mimi nilikuwa pale nakula, kwa hiyo ninayowaambia niliyaona. Wateja wengine walipoondoka, wale wawili walikaa na sahani yao kama kawaida. Jeannine akachukua kijiko, akaukata ule mlima wa bugali, akasukuma kipande kidogo upande wa mwenzake na kikubwa upande wake.

"Jeannine, iko nafanya nini?"

"Nakutafutia maisha. Munganga alisema ya kwako ni ngumi moja."

"Munganga iko na ngumi ya mutoto. Ngumi ya nani hiyo?"

"Haiko mambo ya ngumi, dada. Ni mambo ya makala. Ya kwako iko na maji. Haiko kosa yako, ulizaliwa nayo."

Jeannine alisema hivyo kwa mapenzi, naapa. Alimwogopea mwenzake tension, alikuwa amemshika mkono siku alipoanguka. Lakini Dieudonnée aliutazama ule mfereji uliopita katikati ya bugali, akaweka tonge chini.

"Shamba ilibakia kule," alisema polepole. "Nyumba ilibakia kule. Mbuzi yangu sijui nani alikula. Nilikuwa nabakia na bugali tu, na weye unaikata na kijiko juu ya mimi ni wa Djugu?"

Akasimama, akachukua sahani nyingine, akaenda kukaa akiutazama ukuta. 

Kesho yake malewa ilikuwa imegawanyika. Samaki upande huu, bugali upande ule, na kila mmoja na mbabula yake. Sisi wateja tulikuwa tunapita katikati na sahani mkononi, tukiomba samaki kwa mama huyu na bugali kwa mama yule, na kila mmoja akituuliza mwenzake amesemaje. Nilicheka njiani nikirudi kazini, halafu nikaacha kucheka. Niliumia, wanangu. Nilijua Ituri hii, jimbo letu, imekwisha kukatwa vipande kwa vitu vikubwa, sikutaka tuikate na kwa bugali. Na ukuta wetu ulikuwa unangoja rangi.

Dieudonnée hakuingoja. Asubuhi moja aliingia kwetu hospitalini na mwiko mkononi, ule mrefu wa kusongea bugali ya watu wengi. Akapita mbele ya wagonjwa wote, akasimama mbele ya zile sahani za penseli, kisha akageuka. Daktari Prosper alirudi nyuma hatua kadhaa. Viatu vyenye ncha havikumsaidia.

"Munganga, nionyeshe namna mashine yako ilijua tumbo yangu."

Daktari akamweleza vizuri, kwa subira, habari za hewa na bomba. "Tulikupima wakati ulikuwa unapumzika, mama."

"Mimi? Sikupumzika. Baba yangu ndiye amepumzika, tulimuzika Djugu. Mimi nililala."

"Ndiyo, mama, ulilala. Ndivyo tulivyotaka."

"Nililala kabisa!"

"Sawa kabisa."

"Nililala usingizi, munganga! Hata ndoto niliota. Niliota mbuzi yangu iko naingia ku kanisa."

 Daktari Prosper akanigeukia pole pole, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

"Papa Lazare, wale akina mama wa Djugu ulikuwa unawaambiaje?"

"Nilikuwa nawaambia walale."

"Na wakimaliza?"

"Nilikuwa nawauliza kama wamelala muzuri."

"Wakasema?"

"Muzuri sana," nikasema, na hapo hapo nikaikumbuka pampu.

Brigitte alikuwa amekwisha kushika mlango asianguke kwa kicheko. Katika Kialur, alisema alipopata pumzi, kunyoosha mbavu kuna neno lake na kusinzia kuna neno lake, na yeye aliwapa wa kwake lile la mbavu, kisha akaongeza kwamba atakayefumba macho atarudi kesho bila chai. Hakuna aliyethubutu hata kupepesa. Kiswahili chetu kitamu kina neno moja kwa yote mawili. Unalala chali, unalala usingizi, unalala njaa, unalala kwa rafiki, chukua lako. Na mtu aliyesinzia mwili wake hupunguza moto kidogo, hata mashine inajua. Nilikuwa nimewauliza watu kama wamelala, nao walikuwa wananijibu ukweli mtupu.

Daktari Prosper aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo ndipo nilipompenda. "Hatukupima Djugu," alisema. "Tulipima Kiswahili." Akaomba kifutio, akasimama juu ya benchi, akaanza kufuta sahani zote mbili kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kufuta penseli hakufuti neno sokoni. Dieudonnée alisema yeye haondoki mpaka apimwe tena, na Jeannine naye apimwe siku hiyo hiyo, kitanda hicho hicho, maneno hayo hayo, na amri itoke kwa mtu asiye wa Mahagi wala wa Djugu. Wote wakanitazama. Niania ilikuwa inaitwa.

Tukabaki na kazi ya kutafuta amri. Msicheke, tulikaa juu ya jambo hilo muda mrefu kuliko tulivyokaa juu ya mashine. "Pumzika" ilikwisha kukataliwa, kwani hakuna anayetaka kuambiwa apumzike akiwa amefunikwa kichwa. "Nyooka" ikamkumbusha Brigitte chumba cha maiti. Mimi nikapendekeza "kaa ukilala," na Daktari akaniuliza kwa adabu kama ningeweza kumwonyesha. Mwishowe tukatoka na hii, nanyi mnaitumia mpaka leo: "Mama, lala chali, lakini usilale usingizi. Macho juu, hesabu mbao za dari." Ni ndefu, lakini haijapata kumdanganya mtu.

Jeannine aliletwa na Brigitte, amemshika mkono kama anayempeleka mtoto kwa sindano. Hakumtazama mwenzake. Alipimwa wa kwanza, akahesabu mbao kwa midomo, akamaliza bila shida. Ikafika zamu ya Dieudonnée. Alipanda kitandani, nikamwambia ile amri yote, nikamfunika. Hata mbao hakuzifikia. Macho yakaanza kufumba, Brigitte akagonga kofia kwa kidole, yakafumbuka. Yakafumba tena. Huwezi kumtikisa mtu, kwa sababu akitikisika mwili unawaka. Huwezi kuzungumza naye, vile vile. Nilichungulia penye pazia, nikamwona anapigana, mama wa watu, uso umekunjamana ndani ya ule ukungu, anautaka ule ushindi na kichwa kinamwangukia.

Ndipo Jeannine, bila kuombwa, akahamisha kiti chake, akaenda kukaa miguuni pa kitanda, pale ambapo mwenzake angemwona kupitia plastiki. Akamtazama tu. Kila macho yalipotaka kufumba, Jeannine aliinua nyusi. Ilifanya kazi vizuri, mpaka alipoamua kuboresha kazi kwa kujaza mashavu hewa kama samaki wa ziwani. Dieudonnée akaanza kucheka ndani ya kofia, tumbo likapanda na kushuka, mashine ikaruka.

"Huyu ameanza kukimbia?" aliuliza Daktari kutoka chumba cha pili.

"Hapana, dokta. Ameonyeshwa samaki."

Ikabidi tusubiri atulie, tuanze upya, na Jeannine akaapishwa kutotumia mashavu. Mara ile ilikwenda. Walitazamana kipimo chote, hakuna aliyesema neno, na mimi nyuma ya pazia niliisikiliza pampu yangu ikivuma safi.

Makala yao yalikuwa sawa, wanangu. Tofauti iliyokuwapo ni ile mnayoikuta kwa mtu na dada yake. Tuliwarudia na wengine, upande huu na upande ule, kwa amri moja, na ile tofauti ya Djugu na Mahagi ikazidi kusinyaa mpaka haikuweza tena kushika sahani ukutani. Sisemi kwamba duniani kote ni hivyo, hayo waulizeni wenye viatu vyenye ncha. Nasema kwetu ilikuwa hivyo. Waliochoma sana tuliwapata pande zote, na waliochoma kidogo vile vile, na kila mama akapewa sahani yake kwa mwili wake. Mchoraji alipokuja na rangi zake tulimwambia apake ukuta wote chokaa.

Mchana wa siku ile ya kipimo nilipita malewa. Mbabula zote mbili zilikuwa upande mmoja. Wale wawili walikuwa na sahani moja katikati, wanagombana kuhusu chumvi.

Ningeishia hapo, na wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye kicheko. Lakini kuna jambo Daktari Prosper aliuliza siku ile, wakati Dieudonnée anavaa viatu. Alisema neno linaweza kumwambia mtu alale, lakini haliwezi kumpa usingizi. Wale wa Djugu walikuwa wengi, na karibu wote walisinzia asubuhi, katika chumba wasichokijua, wamefunikwa kichwa. Kwa nini?

Dieudonnée alifunga kamba ya kiatu kabla ya kujibu.

"Siye wa Djugu wengi tunakaa kambini, munganga, na nyumba yetu kule ni ya plastiki. Mulango ni kitambaa. Usiku siye tunalala sikio moja iko wazi. Kitu ikilia, unaamuka, unahesabu watoto." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wetu. "Hapa mulango iko nafunga na ufunguo. Papa Lazare aliufunga, akasema mama lala. Miaka mingi hakuna mutu aliniambia vile."

 Mimi niliufunga mlango ule kwa ajili ya upepo tu, upepo huharibu kipimo.

Alipofika mlangoni alisimama, akaniuliza, akijifanya anaangalia funguo: "Papa, kipimo ingine haiko?"

Kipimo chake kilikuwa kimekwisha. Nilimtazama Daktari, naye akautazama ule ufunguo.

"Iko," akasema. "Kila Alhamisi."

Basi kila Alhamisi, mpaka nilipostaafu, Dieudonnée alikuja asubuhi na wenzake wawili watatu wa kambini. Tuliwalaza, tukafunga mlango kwa ufunguo, na mashine tukaizima ili pampu isiwasumbue. Jeannine aliwasindikiza, akakaa nje kwenye kile kiti changu kinachoyumba, mgongo wake mpana ukiziba mlango wote. Mtu akija na haraka zake, aliinua kidole mdomoni na kumwambia arudi mchana, wamama wako kazini.

Kama mmeiacha Alhamisi hiyo, irudisheni.